Mafuta ya kiini cha ngano: yanayosemwa na yaliyomo

Katika maduka ya vipodozi na dawa za asili, iwe Kariakoo, Mombasa au Muscat, mafuta ya kiini cha ngano hukaa rafu moja na habasoda, mlonge na nyonyo. Chupa zitokazo Misri na nchi za Ghuba huandikwa zayt janin al-qamh. Ukiuliza yanafanya kazi gani, utapewa orodha ndefu: yanashikisha mimba, yanaotesha nywele, yanafuta makovu, yanashusha kolesteroli, yanaongeza nguvu.

Tuyape kwanza haki yake. Katika mafuta ya kula yanayofahamika, haya ndiyo yanayoongoza kwa vitamini E. Gramu 100 zina takriban miligramu 149. Mafuta ya alizeti yana 41 hivi, ya mawese 16, ya mzeituni 14. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kiini cha ngano kina miligramu 20, na mtu mzima, kwa viwango vya Marekani, anahitaji 15 kwa siku. Kijiko kimoja, na chenji inabaki. Sifa hiyo ni ya kweli na haina ubishi. Baada ya hapo ndipo chumvi inapoanza kutiwa.

“Yana virutubisho vyote vya ngano”

Punje ya ngano ina sehemu tatu: pumba ya nje, sehemu nyeupe ya wanga inayotupa unga, na kiinitete, ambacho ndicho kiini chetu, kile kidude cha manjano kwenye ncha ambacho ndicho huota punje ikipandwa. Kiinitete ni kama asilimia 2.5 hadi 3 tu ya uzito wa punje, lakini kimeshiba. Gramu 100 za kiini kikavu zina protini gramu 23, nyuzinyuzi gramu 13, zinki miligramu 12, folati mikrogramu 281 na vitamini B1 karibu miligramu 2. Hicho ni chakula hasa, na watu wanaokinyunyiza kwenye uji au maziwa ya mgando hawajakosea.

Mafuta ni habari nyingine. Kiini kina mafuta kiasi cha asilimia 10. Kikikamuliwa, mafuta yanakwenda upande mmoja na mashudu upande wa pili, na karibu kila kitu nilichokitaja hapo juu kinabaki kwenye mashudu. Protini haimo kwenye chupa. Nyuzinyuzi hazimo, zinki haimo, folati haimo, vitamini za kundi B hazimo, kwa sababu vitu hivyo haviyeyuki kwenye mafuta. Kinachobaki ni mafuta matupu, vitamini E ya kutosha, vitamini K kidogo, na steroli za mimea ambazo tutazirudia.

Kwa hiyo ukisoma makala inayosema mafuta haya “yana zinki na folati kwa wingi”, jua mwandishi alichukua jedwali la kiini akalibandika kwenye chupa. Kosa hilo limenakiliwa tovuti hadi tovuti mpaka limekuwa kama kweli.

Ni mafuta hayohayo yaliyokifanya kiini kifukuzwe kwenye unga. Kiini kina vimeng'enya vinavyoshambulia mafuta yake mara tu punje inapovunjwa, na unga wenye kiini huchacha mapema. Viwanda vya rola za chuma vilipoenea mwishoni mwa karne ya 19, ikawa rahisi kukitenga, unga mweupe ukakaa ghalani muda mrefu, na wafanyabiashara wakafurahi. Leo Kenya na Tanzania zina sheria za kuurutubisha unga wa ngano wa viwandani: unarudishiwa madini ya chuma, zinki na baadhi ya vitamini B. Vitamini E haimo kwenye orodha hiyo. Chapati ya unga mweupe haikupi vitamini E ya maana isipokuwa ile iliyomo kwenye mafuta uliyoikaangia.

“Kapsuli moja kwa siku inamaliza mahitaji ya vitamini E”

Hapa inafaa kuchukua chupa na kuigeuza. Mbele kuna picha ya suke la ngano na maandishi ya dhahabu. Nyuma, kwa herufi ndogo, kuna uzito wa mafuta katika kila kapsuli. Mara nyingi ni miligramu 500, yaani nusu gramu. Fanya hesabu: gramu 100 zina miligramu 149 za vitamini E, basi nusu gramu ina kama 0.75. Unahitaji 15. Ungelazimika kumeza kapsuli 20, na ili ufikie kijiko kimoja kikubwa ungemeza 27. Hata kwa kapsuli 20 kwa siku, chupa ya 60 ni ya siku tatu.

Upande wa pili kuna kapsuli zilizoandikwa “vitamini E 400 IU”, IU ikiwa ni kipimo cha kimataifa cha vitamini. Kama ni ya asili, hiyo ni miligramu 268. Ukitaka kuipata kwa mafuta ya kiini cha ngano ungekunywa gramu 180, vijiko vikubwa 13, kalori karibu 1,600. Hakuna kiwanda kilichokamua hayo yote kikayabana ndani ya kapsuli. Vitamini E ya kipimo kikubwa hutengenezwa kiwandani kwa kemikali, au hutolewa kwenye mabaki yanayotokana na kusafisha mafuta ya soya. Baadhi ya watengenezaji huchanganya vitamini hiyo na mafuta kidogo ya kiini cha ngano kama kibebeo, kisha picha ya suke ndiyo inayopamba sanduku. Ukiona kwenye viambato neno tokoferili asetati, hiyo ni vitamini iliyoongezwa, haikutoka kwenye ngano.

Si wizi, ni bidhaa mbili tofauti. Anayezichanganya hujikuta ama anakula kidogo mno kisichofaa kitu, ama kipimo ambacho hakukikusudia.

Na je, unayo haja nayo? Anayepikia mafuta ya alizeti ya Singida au Dodoma hupata miligramu 11 hivi kwa vijiko vikubwa viwili. Konzi ya mbegu za alizeti, gramu 30, ina kama 10. Karanga gramu 30 zina 2.5. Upungufu wa vitamini E kwa mtu mwenye afya na anayekula mafuta ya mimea ni jambo adimu. Unaonekana zaidi kwa watu ambao utumbo wao haufyonzi mafuta, kwa watoto njiti, na katika maradhi machache ya kurithi, mojawapo likijulikana zaidi Tunisia na jirani zake, ambapo mishipa ya fahamu huharibika na mtu kuanza kuyumba anapotembea. Hao ni wa daktari, si wa muuza mafuta.

“Yanasaidia kushika mimba”

Hii ndiyo dhana yenye mizizi mirefu kuliko zote, na haikuzushwa na muuza duka. Ilianzia maabara.

Mwaka 1922, katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Herbert Evans na Katharine Bishop walikuwa wakiwalisha panya chakula kilichosafishwa mno: protini ya maziwa, wanga, mafuta ya nguruwe, chumvi, na vitamini zilizokuwa zinajulikana wakati ule. Panya walikua, wakanona, wakapandana, majike yakashika mimba. Lakini vitoto vilikufa tumboni na kunyonywa na mwili wa mama kabla ya siku zake. Wakipewa majani ya saladi, mimba zinafika. Baadaye ikaonekana kuwa ngano nayo inafaa, na ndani ya ngano nguvu yote imo kwenye kiinitete: tone moja la mafuta yake ya manjano kwa siku lilitosha. Madume nayo, yakinyimwa chakula hicho muda mrefu, korodani zake zilinywea. Kitu hicho kikaitwa vitamini E, na mwaka 1936 Evans pamoja na Gladys Emerson na Oliver Emerson wakakitenga kikiwa safi, kutoka kwenye mafuta hayohayo ya kiini cha ngano.

Kwa hiyo yupo anayesema “sayansi imethibitisha”, na hadanganyi kabisa. Anaruka tu sehemu ya katikati. Panya wale walikuwa wamenyimwa vitamini E makusudi, na tone lile liliwarudishia walichonyimwa. Halikumfanya panya aliyekula vizuri azae zaidi. Mwanamke wa Tanga anayekula karanga, mboga za majani na samaki wa kukaanga hafanani na panya wa Berkeley.

Madaktari wenyewe walichukuliwa na mkondo. Mwaka 1931 daktari wa Denmark, Vogt-Møller, aliandika katika jarida la Lancet kuhusu wanawake waliokuwa wakiharibikiwa mimba mara kwa mara, ambao aliwapa mafuta ya kiini cha ngano kisha wakajifungua. Habari ilienea Ulaya na Amerika. Lakini hapakuwa na kundi la kulinganisha, wanawake wa aina hiyohiyo ambao hawakupewa mafuta. Tunajua leo kwamba wengi wa waliopoteza mimba mbili au tatu hubeba inayofuata mpaka mwisho hata bila dawa yoyote. Sifa ya jambo ambalo lingetokea lenyewe ilikwenda kwa mafuta.

Majaribio yaliyopangwa vizuri yalipokuja, jibu lilikuwa jingine. Tathmini ya mwaka 2015 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, ilikusanya majaribio ya kuwapa wajawazito vitamini E, mengi yakiwa pamoja na vitamini C. Haikupunguza watoto wanaozaliwa wafu, wala njiti, wala kifafa cha mimba. Waliotumia walilalamika zaidi kuhusu maumivu ya tumbo, na chupa ya uzazi ilipasuka kabla ya uchungu kwa wengi zaidi. Tathmini nyingine ya mwaka 2016, iliyohusu vitamini na kuharibika kwa mimba, haikuona vitamini C na E zikizuia. Kwa wanaume, jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2020 liliwapa waume mchanganyiko wa vitamini E, vitamini C, seleni na nyinginezo. Mbegu zao hazikuboreka kuliko za waliopewa kidonge kitupu.

Kirutubisho ambacho mwanamke anayetafuta mimba anakihitaji kwa ushahidi ulio imara ni foliki asidi, mikrogramu 400 kwa siku, tangu kabla ya kushika mimba, ili mgongo na ubongo wa mtoto viumbike sawasawa. Katika chupa ya mafuta haya haimo hata chembe. Kliniki inaitoa pamoja na madini ya chuma.

Jambo linalonikera katika biashara hii si hata fedha. Ni muda. Mwaka unapita mke akibadilisha chupa, huku mume hajapimwa hata mara moja.

“Yanafuta makovu na michirizi, yanaotesha nywele”

Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Miami walichapisha jaribio dogo lakini la akili. Waliwachukua wagonjwa 15 waliotoka kuondolewa saratani ya ngozi kwa upasuaji, wakagawa kovu la kila mmoja vipande viwili. Kipande kimoja kilipakwa mafuta ya kawaida ya ngozi, cha pili mafuta hayohayo yaliyotiwa vitamini E. Wagonjwa wenyewe hawakujua kipi ni kipi. Katika asilimia 90, vitamini E haikusaidia kitu au iliharibu sura ya kovu. Theluthi moja ya wagonjwa walitoka vipele vya kuwasha mahali ilipopakwa.

Kuhusu michirizi ya ujauzito, tathmini ya Cochrane ya mwaka 2012 haikupata ushahidi kwamba mafuta au krimu za kupaka huizuia. Michirizi ni mpasuko wa nyuzi za ndani ya ngozi, na mafuta ya kupaka hubaki juu.

Nywele je? Mafuta yanapopakwa hufunika unywele, hupunguza msuguano wa kitana na kitambaa, na nywele kavu za kukatikakatika huacha kukatika hovyo. Nywele isiyokatika huonekana imerefuka. Mtumiaji anasema kweli kwamba ameona tofauti, ila mzizi haukuguswa, na mafuta ya nazi yangefanya kazi hiyohiyo kwa bei ya chini sana.

Nisieleweke vibaya: kwa ngozi kavu, visigino na viwiko, ni mafuta mazuri. Yanazuia maji ya ngozi yasipotee na yanalainisha. Ni mazito na yananata, kwa hiyo wenye uzoefu huyachanganya na mafuta mepesi, sehemu moja kwa tisa. Mwenye chunusi ayaepuke usoni. Yamo katika orodha ya mafuta yanayosemwa kuziba vinyweleo zaidi. Orodha hizo, ukweli usemwe, zilitokana kwa sehemu kubwa na majaribio ya masikio ya sungura, hivyo zichukue kama tahadhari tu.

“Yanaongeza nguvu na stamina”

Kati ya miaka ya 1950 na 1970, Thomas Cureton wa Chuo Kikuu cha Illinois aliwapa mafuta haya waogeleaji, wanamieleka na watu wa mazoezi ya kawaida, akasema wanachelewa kuchoka. Aliyetajwa kuwa na nguvu hiyo ni oktakosanoli, kemikali ya aina ya alkoholi iliyo kama nta, inayopatikana humo kwa kiasi kidogo. Wafugaji wa farasi wa mashindano nao waliyakumbatia, na wapo wanaoyatia kwenye chakula cha farasi mpaka leo. Matokeo ya Cureton hayakusimama imara katika majaribio ya wengine, na hakuna taasisi kubwa ya tiba ya michezo inayoyapendekeza. Kama nguvu unayoisaka ni ile ya chumbani, rudi sehemu ya panya.

“Yanashusha kolesteroli na kulinda moyo”

Katika dhana zote, hii ndiyo iliyo karibu zaidi na kweli, kwa hiyo inataka uangalifu.

Asilimia 62 hivi ya mafuta haya ni aina isiyoganda yenye vifungo vingi, zaidi asidi ya linoleiki ambayo ni omega-6. Asilimia 7 ni omega-3 ya mimea. Mafuta yanayoganda ni kama asilimia 19. Mtu aliyekuwa akipikia samli au mafuta magumu ya mgando akihamia mafuta ya namna hii, kolesteroli mbaya hushuka. Lakini ingeshuka vilevile angehamia alizeti, mahindi au soya. Kinachofanya kazi ni kile ulichokiacha. Ukibaki na samli yako ukaongeza kijiko cha mafuta ya ngano juu yake, umeongeza kalori 120 tu.

Steroli za mimea nazo hutajwa sana. Ni kweli zinazuia kolesteroli isifyonzwe utumboni, na ni kweli mafuta haya yanazo nyingi kuliko mengi. Kijiko kina miligramu 75 hivi. Kipimo kinachoshusha kolesteroli ni gramu 1.5 hadi 3 kwa siku. Vijiko 20, kwa uchache.

Halafu kuna polikosanoli, mchanganyiko wa alkoholi hizo za nta ambamo oktakosanoli ndiyo kuu. Watafiti wa Kuba waliutangaza kwa miaka mingi, wakiutoa kwenye nta ya miwa, kwamba unashusha kolesteroli kama dawa za hospitali. Uholanzi walijaribu polikosanoli ya kiini cha ngano yenyewe, miligramu 20 kwa siku, matokeo yakachapishwa 2004: kolesteroli haikutikisika. Mwaka 2006 Wajerumani wakaijaribu ile ya Kuba kwa wagonjwa 143, kuanzia miligramu 10 hadi 80. Hakuna kilichobadilika.

Vitamini E yenyewe ilijaribiwa kwa watu wengi. Jaribio la HOPE, mwaka 2000, liliwahusisha watu zaidi ya 9,500 waliokuwa katika hatari ya maradhi ya moyo, nusu yao wakipewa 400 IU kwa siku. Baada ya miaka minne na nusu waliopewa vitamini hawakuwa na nafuu kuliko waliopewa kidonge kitupu. Jaribio la SELECT liliwahusisha wanaume 35,533 ili kuona kama vitamini E inazuia saratani ya tezi dume. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba waliomeza vitamini E peke yake walipata saratani hiyo kwa asilimia 17 zaidi. Kumbuka hivyo ni vipimo vya kapsuli nzito, si kijiko juu ya saladi. Hakuna ushahidi kwamba kijiko humletea mtu saratani. Wala hakijathibitishwa kuizuia.

Omega-3 yake ya mimea ni nzuri, karibu gramu moja kwa kijiko, ila mwili huigeuza kidogo sana kuwa aina ile ya samaki. Sahani ya dagaa inabaki palepale na heshima yake.

“Yanapunguza unene ukinywa asubuhi tumbo likiwa tupu”

Kalori 120 kwa kijiko, sawa na mafuta mengine yote. Saa ya kunywa haizipunguzi.

“Yana vitamini E, hayaharibiki, na unaweza kuyapikia chochote”

Vitamini E inayalinda mafuta, ni kweli, lakini hujitoa yenyewe katika kulinda: inatumika, inapungua, inaisha. Na mafuta yenye vifungo vingi hivi huliwa haraka na hewa, mwanga na joto. Chupa nyeupe iliyokaa dirishani dukani miezi kadhaa inaweza kuwa imepoteza sehemu kubwa ya kile unachokilipia.

Pua inatosha kupima. Mafuta mabichi yaliyokamuliwa bila moto yana rangi ya manjano iliyokolea, karibu na asali, na harufu ya nafaka iliyotoka kusagwa. Yakichacha yananuka kama karanga za mwaka jana au rangi ya kupaka mbao, na ulimi unahisi ukakasi. Yaliyosafishwa sana huwa na rangi hafifu na hayanuki kitu, kwa hiyo hayo ni magumu kuyahukumu.

Kukaangia ni kuyachoma bure. Yasiyosafishwa hutoa moshi mapema, kabla hata sufuria haijafikia joto la kukaanga maandazi, vitamini inaharibika na ladha inageuka. Mafuta haya ni ya kumwagia chakula kilichokwisha iva, au kisichopikwa kabisa: kijiko cha chai juu ya kachumbari, juu ya maharage yaliyoepuliwa, ndani ya uji ukishapoa kidogo. Ladha yake ni ya nafaka, nzito kiasi, na si kila mtu ataipenda.

Tena ni ghali, na ughali wake una sababu. Tani nzima ya ngano ina kiini kilo 25 hadi 30. Hata ungekipata chote, na viwanda havikipati chote, ungetoka na mafuta kilo 2.5 hadi 3. Ukiuziwa lita nzima kwa bei ya alizeti, jiulize ndani ya chupa kuna nini hasa.

“Ni ya asili, hayana madhara kwa mtu yeyote”

Mengi yanayouzwa duniani hutolewa kwa kuyeyushia kiini kwenye heksani, kiyeyushi kitokanacho na petroli, ambacho baadaye hufukizwa kitoke. Ukamuaji bila moto hutoa mafuta machache zaidi, na ndiyo maana yaliyokamuliwa hivyo bei yake ni kubwa. Njia ya heksani haifanyi mafuta kuwa sumu, ila ile picha ya bibi akikamua kwa mkono haihusiani na biashara hii.

Anayetumia warfarini au dawa nyingine za kuzuia damu isigande asiguse kapsuli za vitamini E za kipimo kikubwa bila daktari kujua, kwa kuwa vitamini E ikizidi hudhoofisha ugandaji wa damu. Vivyo hivyo anayesubiri upasuaji. Kiwango cha juu kwa mtu mzima kimewekwa miligramu 300 kwa siku Ulaya, na 1,000 Marekani. Kwa mafuta ya kijikoni hutafika huko, kwa kapsuli unaweza.

Kuhusu gluteni, watu hukosea pande zote mbili. Wapo wanaoyakimbia kwa sababu yana jina la ngano, na wapo wanaosema mafuta ni mafuta, hayana gluteni kamwe. Gluteni ni protini, na makazi yake ni sehemu nyeupe ya punje, si kiinitete. Mafuta yaliyosafishwa karibu hayana protini. Yasiyosafishwa huweza kubeba chembe, kwa sababu kiini hakitengwi kikatoka kisafi kabisa. Mwenye ugonjwa wa siliaki, yaani ambaye gluteni humharibu utumbo, au mwenye mzio wa ngano, atafute mafuta mengine, hakosi kitu. Kwenye vipodozi ngano huandikwa kwa Kilatini, Triticum, kwa hiyo angalia neno hilo. Japani, hadi mwaka 2011, watu zaidi ya 2,000 walipata mzio wa ngano kwa kunawa uso na sabuni iliyokuwa na protini ya ngano iliyovunjwavunjwa. Hiyo ilikuwa protini, si mafuta, lakini wengine walikuja kuumwa hata kwa kula mkate. Kabla ya kupaka popote, weka tone ndani ya mkono, karibu na kiwiko, ungoje siku moja.

Ukishainunua chupa

Chagua chupa ya kioo cheusi au kahawia, ndogo, yenye tarehe. Ikifunguliwa iweke kwenye friji, kifuniko kimebana. Mafuta yakiwa mazito kwa baridi yatoe dakika chache kabla ya kutumia. Huna friji, nunua mililita 50 badala ya 250. Ya kula na ya kupaka yasichanganywe: yale ya vipodozi huweza kuwa yametiwa manukato au mafuta ya madini, na lebo husema ni ya nje tu. Matone machache yakitiwa kwenye mafuta mengine ya ngozi unayotengeneza nyumbani, mathalan ya lozi au ufuta, husemwa kusaidia kuchelewesha kuchacha, na kwa watengeneza sabuni na losheni wengi hiyo ndiyo kazi yanayoinunulia. Yakianza kunuka rangi ya mbao, yatupe. Kwenye ngozi pia hayafai.